Kupanda na Mto Yangtze Kumfuata Chen Duxiu

Kwetu wakitajwa viongozi wa China, anatajwa Mao, na wazee humkumbuka Zhou Enlai aliyekuja Tanzania Juni 1965. Chen Duxiu hatajwi. Naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha China, kisha chama hichohicho kikamfukuza. Nilitumia likizo yangu ya masomo kufuata nyayo zake, kuanzia Shanghai na kupanda na mto hadi bara.

Nyumba yake ya Shanghai imo ndani ya kichochoro cha Barabara ya Nanchang, nyumba ya matofali. Alihamia hapo mwaka 1920 akitokea Beijing, na jarida lake la Xin Qingnian (Vijana Wapya) likawa linahaririwa humo humo. Kilichonishika ni ubao mdogo mweusi wa sebuleni, unaowaambia wageni kwamba mazungumzo yasizidi dakika 15. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Vijana waliogonga mlango ule walikuwa wakitafuta namna ya kuigeuza nchi nzima, na mwenye nyumba alikuwa na makala za kumaliza. Mkutano wa kuanzisha chama ulifanyika Julai 1921, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka hapo. Yeye alikuwa Guangzhou. Walimchagua bila yeye kuwepo.

Jioni nilikwenda kwenye makaburi ya mashujaa ya Longhua. Wanawe wawili, Yannian na Qiaonian, wamelala huko. Guomindang, chama cha wazalendo wa China, iliwaua, mmoja mwaka 1927, mwingine 1928. Na katika msiba huo baba mtu alikuwa amebebeshwa lawama. Moscow ndiyo iliyoshikilia kwamba wakomunisti wabaki ndani ya Guomindang. Aprili 1927 wakauawa kwa wingi Shanghai, na kosa likawa la Chen. Mimi naona alionewa, na aliona hivyo mwenyewe. Alipoanza kuyakubali mawazo ya Trotsky, mpinzani wa Stalin, Novemba 1929 akafukuzwa.

Nanjing, alikofungwa na serikali ya Guomindang hadi 1937, nilipita tu na treni ya mwendokasi. Nilishuka Anqing, mji aliozaliwa mwaka 1879. Leo kaburi lake liko kwenye bustani kubwa, na jina lake limeandikwa wazi. Zamani haikuwa hivyo. Mwanawe Songnian alipolileta jeneza hapa mwaka 1947, jiwe aliliandika jina la Qiansheng, ambalo baba yake alilitumia ujanani kwenye mitihani ya kifalme. Mpita njia asingejua aliyelala pale ni nani.

Kutoka hapo ni safari ndefu hadi Chongqing, halafu Jiangjin, halafu teksi hadi mashambani, kwenye nyumba ya Shiqiangyuan. Ukuta wa mawe ulioipa jina lake bado unaizunguka. Hapa ndipo alipomalizia maisha, presha ikimsumbua, akiwa na mkewe Pan Lanzhen. Mama huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sigara, na alikuja kujua ni nani hasa mumewe pale mume huyo alipokamatwa mwaka 1932. Hakumwacha. Nilimfikiria yeye zaidi ya wote nilipokuwa nimesimama uani.

Umaskini uliwabana. Kuna usiku wezi waliingia wakabeba nguo pamoja na maandishi yake. Marafiki wa zamani waliokuwa na vyeo serikalini walimletea fedha, akazirudisha. Alikuwa akiandika kitabu cha kufafanua herufi za Kichina. Wizara ya elimu ikataka abadili jina la kitabu, akakataa, kikabaki bila kuchapishwa hadi anakufa.

Novemba 1940 aliandika maoni yake ya msingi. Alisema utawala wa wafanyakazi nao lazima uwape raia wote uhuru wa kukutana, kusema, kuchapisha na kugoma, na zaidi ya yote uhuru wa vyama vya upinzani. Bila hayo, bunge na soviet, yaani baraza la wafanyakazi, vyote havina thamani hata ya senti. Niliyasoma maneno hayo kwenye simu, humo humo chumbani mwake. Wafuasi wa Trotsky, waliokuwa wenzake wa mwisho katika siasa, nao walimpinga. Hakurudi nyuma. Alifariki 27 Mei 1942, na herufi zake hazijaisha.