Ndoo

Juzi baada ya isha kijana wetu alikuwa amechutama juu ya begi, anazungusha selotepu kwenye chupa ya achari ya embe, raundi ya nne au ya tano, na bado harufu ya siki na pilipili imejaa chumba kizima. Bila kuinua uso akaniuliza, "Mama, na mtu akifika kule akashindwa?"

Nikamjibu upesi upesi, "Hutashindwa." Kisha nikaenda jikoni kufanya kazi ambayo haikuwepo.

Wiki mbili hizi nimekuwa mama wa orodha. Barua ya chuo nimeichapisha nakala tatu. Fomu ya daktari, picha za pasipoti, vyeti, blanketi, sweta mbili. Ada nayo, tangu mfumo ule wa serikali wa 2023 wa kugharimia wanafunzi wa vyuo, familia zinapangwa kwa bendi, yaani makundi ya kipato, na kila jioni baba yake ananiuliza kwa nini sisi tumetiwa bendi hii, kana kwamba mimi ndiye niliyekaa pale Nairobi nikatupanga. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kuna mama mmoja anatafuta namba ya simu ya mhadhiri. Nilimcheka peke yangu, mpaka nilipokumbuka kwamba mimi nimeshaulizia kinyozi aliye karibu na geti la chuo.

Lakini swali lile la kijana limenirudisha 2003, kwenye kibanda cha simu.

Mtihani wa kidato cha nne tulifanya 2001, chuo tukaitwa 2003. Siku hizo ukipita ulikaa nyumbani karibu miaka miwili ukingoja zamu yako, hadi watu wa mtaa wanasahau kwamba uliwahi kupita. Tukatoka kwetu Lamu, mimi na baba na kasha langu la vitu. Mashua mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara. Basi na askari wenye bunduki ndani kwa ajili ya mashifta, majambazi wa njiani, njia ya Garsen ikiwa bado vumbi tupu. Mombasa, Nairobi, Eldoret. Baba hakuwa amewahi kuvuka Mombasa maishani mwake. Alinifikisha, akaliingiza kasha chumbani, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu, akasali adhuhuri kwenye nyasi huku wanafunzi wakimpita, akageuza njia ile ile. Hakunipa wasia hata mmoja. Mama alikuwa ameshanipa wa watu wawili.

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mimi nimezaliwa mahali ambapo maji ya bamvua hupanda yakalowesha njia ya ufukweni. Asubuhi ya pili nilifungua chupa yangu ya mafuta ya nazi nikayakuta yameganda, meupe kama samli. Sikuwa nimewahi kuyaona mafuta ya nazi yakiganda vile. Nikadhani yameoza. Nilisimama nayo kwenye pipa la taka, mkono umeshanyooka, mpaka msichana wa kitanda cha pili akanionyesha kuyaweka kwapani kwanza.

Baridi, hata hivyo, mtu huizoea. Kilichonishinda ni kengele. Shule ya bweni kila kitu kilikuwa kengele: kuamka, kula, kusoma, kulala. Siku ya kwanza chuoni nilikaa kitandani nikingoja kengele ya chakula cha mchana. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Nilipotoka, meza za maakuli zilikuwa zinapanguswa. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Ukumbi wa mihadhara una watu mamia, mhadhiri anaingia akizungumza na kutoka akizungumza, na ukiwa hukuandika hukuandika. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ulikuwa haujaingia. Nilikuwa huru kabisa, na katika uhuru ule nilikuwa nashinda na njaa. Hayo wazazi wangu wasingeweza kunitayarishia. Wangeyajulia wapi?

Tulikuwa tumeagana hivi: kila Alhamisi saa mbili usiku nipige simu duka la jirani pale mtaani kwetu Langoni, na wao watakuwa wamekaa nje wakingoja. M-Pesa haijazaliwa, simu ya mkononi ni ya wenye nazo. Chuoni kulikuwa na kibanda kimoja cha sarafu kinachofanya kazi na kingine kilichomeza fedha za watu. Foleni ilikuwa ndefu kwenye kile cha kwanza, na hata kile cha pili kilikuwa na wenye matumaini yao.

Alhamisi hiyo ya kwanza nilikuwa na sarafu tatu za shilingi ishirini. Nilizishika muda mrefu hata zikapata joto, ndicho kitu pekee chenye joto nilichokuwa nacho. Nyuma yangu kulikuwa na msichana mwenye kofia ya sufu akigonga kioo kwa ukucha wake, taratibu, ti, ti, ti, kama saa. Sarafu ya kwanza ikaanguka tumboni mwa simu. Nikamsikia mwenye duka akimwita baba, nikasikia viatu vyake, nikasikia hata punda wa mtu analia kule nje. Wallahi yule punda ndiye aliyenimaliza.

"Ehe, mwanangu."

Nilikuwa nimejipanga kusema niko salama. Nilifanya mazoezi kwenye foleni. Nikafungua mdomo nikasema, "Baba, nataka kuya nyumbani."

Sarafu ya pili ikaanguka. Kimya. Nilijua kinachokuja, kwa sababu kila mtu mzima niliyemfahamu angesema vile vile: vumilia, mwanangu, elimu ni bahari, fulani alianza hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshakaza tumbo kuyapokea.

Baba akasema, "Ndoo."

Kwa nyinyi wa bara, ndoo ni ya kutekea maji. Kwetu Amu, yaani Lamu, ndiyo njoo. Alisema neno moja tu, kwa sauti ile ile anayoniitia nikaribie sahani.

Halafu nikasikia simu ikinyakuliwa, na mama, "Wewe una nini? Usimwambie hivyo! Atakuya kweli!" na kitu kikaanguka, labda kiti, na mwenye duka akicheka kwa mbali. Nikatafuta sarafu ya tatu. Vidole vimekufa ganzi, ikaniponyoka, ikabiringika ikatoka chini ya mlango. Laini ikakatika.

Msichana wa kofia akaiokota. "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza.

Yaliyofuata hayana hadithi. Nilijiambia nitaondoka Jumamosi, na kwa kuwa naondoka Jumamosi, nilikwenda kula bila kungoja kitu. Kwa kuwa naondoka, nilimuuliza jirani yangu daftari lake ninakili, maana nisingemwona tena, aibu ya nini. Jumamosi kukawa na mvua kubwa, nikasogeza hadi ile inayofuata. Mkopo ukaingia. Hivyo hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi, miaka minne.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasimulia watu kisa hiki kama busara ya fundi seremala wa Lamu: mfungulie mtoto mlango, hatatoka. Nimekisimulia hata kwenye mkutano wa wazazi, watu wakatikisa vichwa. Kisha mwaka juzi, tumekaa barazani, nikamuuliza mwenyewe. Nikamwambia, baba, ulijua kwamba ukisema hivyo nitabaki?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. "Nilijua wapi? Mimi nilitaka urudi. Nyumba ilikuwa kimya. Nauli nilikuwa nimeshaikopa kwa mwenye duka usiku ule ule." Akafikiri kidogo. "Mamako alinitesa kwa ajili ya deni lile."

Nimebaki nalo hilo, sijui nilitie mfuko gani. Maana kama ilikuwa busara, ningeiga. Sasa nitaiga nini?

Jana asubuhi tukashuka gatini na begi, achari ikiwa imevuja hata hivyo kupitia selotepu yote. Baba kaja na mkongojo wake polepole, akamshika kijana bega kwa ule mkono uliochongwa na patasi miaka sitini. Mashua ya Mokowe imeshawasha injini.

"Babu," akamwambia, "likikushinda, ndoo."

Na mimi, kabla sijafikiri, "Baba! Usimwambie hivyo, atakuya kweli!"

Ilikuwa sauti ya mama, Mungu amrehemu, mpaka na ule mkwaruzo wake wa mwisho. Baba akaanza kucheka, akakohoa, akashika mkongojo. Kijana akatutazama wote wawili, mmoja mmoja, kisha akapapasa mifuko yake na kuuliza nani ameiona chaja.