Moto Ulianzia Chini ya Tangi

Nyasi zilikuwa tayari tangu asubuhi. Ilikuwa Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, iliyokatwa Jumatatu, ikageuzwa Jumanne, kisha Jumatano tukaivuta kwa reki umande ukiwa bado haujaisha, ili majani yasipukutike. Kufika saa 4, ukisokota fungu la nyasi mkononi mabua yalikatika kwa mlio, na ukikwangua kifundo kwa ukucha hukuona unyevu. Nyasi za namna hiyo hufungwa marobota siku hiyo hiyo. Tulikuwa na eka 7 zilizolala kwa mistari, upande wa Endebess chini ya Mlima Elgon, Desemba 2011, siku trekta yetu ilipoungua. Huko Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya, mvua huwa zimepungua sana kufikia Desemba, lakini mchana huo wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima, na kila mtu alilitazama.

Trekta ilikuwa Massey Ferguson 165, injini ya Perkins ya silinda nne. Aina hiyo ilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa zaidi ya miaka ishirini ililima, ilivuta trela la mahindi, na kila msimu wa nyasi ilifungwa bela, mashine ya kufunga nyasi marobota. Anayeijua trekta hiyo anajua tangi la dizeli liko wapi: ndani ya boneti, juu ya injini. Dizeli hushuka yenyewe kupitia koki iliyo chini ya tangi. Kazi ya kila siku haiathiriwi na mpangilio huo. Moto ukishaanza, tangi linakuwa limekaa juu ya jiko.

Mambo matatu tuliyajua kabla ya siku hiyo, na hakuna hata moja tulilolishughulikia.

La kwanza lilikuwa kipaipu kinachorudisha dizeli ya ziada kutoka kwenye nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Kilishikiliwa na boliti zenye washa za shaba, na washa za shaba zikikazwa mara ya pili bila kubadilishwa hazizibi vizuri. Zetu zilikuwa zimekazwa mara nyingi. Dizeli ilitoka kidogo sana, jasho tu la kulowesha kidole. La pili, kipande cha paipu ya chuma kati ya koki na filta kilikuwa kimepasuka misimu miwili nyuma, na mahali pake pakawekwa mpira uliofungwa kwa waya wa kuzungushia. Mpira ulifanya kazi vizuri tu, lakini paipu ya chuma huvumilia moto kwa dakika kadhaa, na mpira hauvumilii hata moja. La tatu lilikuwa ekzosi. Ile ya kusimama ilikuwa imeoza, fundi akaweka ya chini, inayopita chini ya ubavu wa trekta, karibu na mabua.

Lakini kilichounganisha hayo yote ni makapi. Bela ikipiga nyasi kavu hutoa vumbi na vipande vya majani, na siku yenye upepo kila kitu hutegemea unaelekea wapi. Ukienda upepo ukiwa usoni, makapi hubaki nyuma. Ukienda upepo ukiwa mgongoni, kwa mwendo ule wa taratibu wa kufunga nyasi, wingu la makapi hutembea pamoja nawe, na feni ya rejeta hulivuta ndani ya boneti. Hujaa kwenye wavu wa mbele, hujaa juu ya nyumba ya klachi, hukaa kwenye ukingo kati ya bloku ya injini na manifoldi ya ekzosi, chuma kinachokusanya moshi moto kutoka kwenye silinda. Tulikuwa tunakwenda na kurudi, kwa hiyo nusu ya kila mzunguko feni ilikuwa ikishindilia. Sindano ya joto ilikuwa imepanda kuliko kawaida tangu saa 7. Huo ulikuwa ujumbe kwamba rejeta imeziba, na kama rejeta imeziba, basi na sehemu nyingine zote chini ya boneti zimejaa.

Desturi ilikuwa kusimama kila baada ya saa mbili, kuzima, na kusafisha kwa brashi. Mara ya kwanza tulisafisha. Mara ya pili ilipofika, wingu la mlimani lilikuwa limeteremka kidogo, na dereva, mzee aliyeijua trekta hiyo kuliko sisi sote, akasema tumalize mistari minne iliyobaki upande wa chini kwanza. Hakuna aliyempinga. Tulikuwa tumeshafunga zaidi ya marobota 500, ya kilo 15 hivi kila moja, na yote yalikuwa bado yametapakaa shambani.

Saa 8 na dakika 40 kamba ya katani ilikatika kwenye kifundio, sehemu ya bela inayopiga fundo. Mzee akasimamisha, akatoa PTO, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye bela, akaacha injini ikinguruma polepole, akashuka kwenda nyuma kufunga kamba upya. Hapo ndipo moto ulipopata nafasi. Trekta inapofanya kazi feni hupitisha upepo mwingi na joto la manifoldi huchukuliwa. Ikitoka kwenye mzigo mzito ikasimama ghafla, upepo hupungua lakini chuma bado ni kile kile kilichokuwa kikibeba mzigo dakika moja iliyopita, kwa nyuzi mia kadhaa. Nyasi kavu huanza kuungua kwa nyuzi mia mbili na kitu, na za kwetu zilikuwa zimelowa dizeli.

Tanboi, msaidizi wa dereva, ndiye aliyenusa kwanza. "Mzee, kuna kitu kinaungua," alisema, na harufu ilikuwa ya blanketi lililoanguka jikoni. Moshi wa kwanza ulikuwa mweupe, mwembamba, ukitoka chini ya tangi. Moshi mweupe ni makapi peke yake, na hapo bado kuna nafasi. Mzee alirudi mbio, akavuta waya wa kuzima injini, injini ikazima. Hatua hiyo ilikuwa sawa. Hatua ya pili ingekuwa kuingiza mkono kando na kufunga koki, kazi ya sekunde tano. Badala yake boneti ilifunguliwa yote.

Aliyefungua alitaka kuona, na kila mtu angetaka kuona. Lakini makapi yanayofuka bila hewa yakifunguliwa ghafla huwaka, na yaliwaka mpaka juu ya usukani. Mpira wa dizeli ulilainika papo hapo ukachomoka kwenye waya, na tangi likaanza kumimina. Moshi ukageuka mweusi. Kuanzia hapo koki haikufikika tena.

Kisha likaja kosa la pili. Palikuwa na jerikani la maji ya kunywa, lita 10, na likamwagwa juu ya injini. Maji ni mazito kuliko dizeli: yalipita chini yake, yakaibeba ikiwa inawaka, yakaishusha kwenye gia na kutoka hapo kwenye mabua chini ya trekta. Moto uliokuwa wa injini ukawa moto wa shamba.

Mtungi wa unga wa kuzimia moto ulikuwepo, wa kilo 2, ndani ya sanduku la spana. Ulikuwa umekaa humo miaka mingi ukitikiswa na trekta, na unga unaotikiswa hushuka na kugandamana chini kama simenti iliyopata unyevu. Ulitoa pumzi mbili fupi, kisha gesi tupu. Pumzi hizo mbili ziliupunguza moto kweli. Nina hakika kwamba mtungi wa kilo 6 ulio mzima, ukielekezwa chini ya boneti bila kuifungua, ungeiokoa trekta ile wakati moshi ulikuwa bado mweupe. Kwa koleo mbili tulirusha udongo, lakini udongo wa Desemba ni mgumu, na mpaka uchimbe ndipo urushe.

Jirani alikuwa akilima shamba lake la mahindi yaliyovunwa, kama mita 600 kutoka kwetu, kwa plau ya sahani tatu. Aliuona moshi akaja na plau yake ikiwa imeinuliwa. Baba alimkimbilia kabla hajafika kwenye trekta, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyotoka: "Jirani, achana na trekta. Kata ardhi upande wa chini." Trekta ilikuwa yake, ya miaka ishirini na zaidi, na ilikuwa bado ina sura ya trekta. Lakini upepo ulikuwa ukielekea chini, ambako kulikuwa na marobota mengi zaidi, na mbele ya hapo zizi na nyumba za watu. Jirani alipita mara tatu, kila mara plau ikigeuza udongo wa upana wa karibu mita moja, akaacha ukanda mweusi wa mita tatu hivi. Mita tatu hazizuii moto wa nyasi ndefu penye upepo mkali. Kwa nyasi zilizokwishakatwa zinatosha, mradi kuna watu upande wa pili wenye magunia mabichi na matawi ya kuua cheche zinazoruka. Watu walikuwepo. Walikuja wenyewe, kutoka kila upande, bila kuitwa.

Ukanda ulipokamilika tukageukia bela. Upepo ulikuwa ukipeleka moto mbele ya trekta, kwa hiyo nyuma palikuwa panafikika, ingawa kwa joto kali. Bela hushikwa na trekta mahali pawili: shafti ya PTO na pini ya kuvutia. Shafti haihitaji kufunguliwa, kwa kuwa imetengenezwa kwa vipande viwili vinavyoingiana, na bela ikivutwa nyuma vinaachana vyenyewe. Pini ndiyo iliyokuwa na shida. Trekta ilikuwa imesimama kwenye mteremko mdogo, bela ikiielemea, na pini iliyoelemewa haitoki hata uipige namna gani. Jirani alifunga mnyororo nyuma ya bela, akavuta inchi moja tu, akashikilia. Tanboi akachomoa kipini cha usalama chini, akapiga pini kwa nyundo kutoka chini kwenda juu mara mbili, ikaruka. Kijana yule alikuwa na miaka kumi na tisa. Nyusi zake ziliungua na hakulalamika.

Robota lililobaki ndani ya chumba cha bela lilitolewa likakatwa kamba na kutawanywa, maana robota linaweza kufuka katikati usiku kucha bila kuonyesha kitu nje. Tulimwagia chumba jerikani tatu na mtu akalala karibu yake.

Tairi za mbele zilipasuka kabla ya saa 10. Tulikuwa tumewaondoa watu ubavuni, kwa sababu tairi inayopasuka kwa moto hurusha vipande pembeni. Za nyuma zilikuwa na maji ndani, robo tatu, kwa ajili ya uzito wa kulimia. Moja ilivuja ikateketea. Nyingine iliungua sehemu ya juu tu, na ilipopoa kulikuwa na mstari ulionyooka kama umepigwa rula: juu yake waya na majivu, chini yake mpira ukiwa na meno yake yote.

Mvua haikunyesha. Wingu lilirudi mlimani jioni.

Hasara ya nyasi ilikuwa marobota 90 na mistari ya kama eka moja na nusu. Bima ya trekta ilikuwa ya kulinda watu wengine barabarani, haikuhusu moto. Siku ya tatu fundi alikuja kuikagua, na kabla hajashika chochote aliizunguka mara mbili akiangalia rangi. Mahali pa moto mkali zaidi rangi huisha kabisa na chuma hubaki cha kijivu cheupe. Mbali kidogo kuna masizi. Mbali zaidi rangi ina malengelenge tu. Kijivu kilikuwa kwenye ukingo wa manifoldi, chini ya nozeli. Nyaya nene za betri na stata zilikuwa zimeungua ganda lakini shaba ilikuwa nzima. Akaeleza kwamba moto wa umeme huacha vishanga vya shaba iliyoyeyuka pale waya ulipogusana na chuma, na hapa hapakuwa na kishanga hata kimoja. Pampu ya dizeli ilikuwa imeyeyuka ikawa donge la alumini. Risasi iliyounganisha rejeta ilikuwa imetiririka na mirija yake imeanguka. Sehemu ya nyuma, gia na ekseli, ilinunuliwa na mtu aliyekuwa na trekta kama hiyo. Injini iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Misimu iliyofuata tulikodi trekta, na hakuna dereva aliyeingia shambani kwetu bila kukubali kusimama kila saa moja na nusu. Injini huachwa kwanza ingurume dakika tatu bila mzigo, mbali na mistari ya nyasi, ndipo izimwe. Brashi huanza juu, chini ya tangi, kisha nozeli, kisha manifoldi, na kwenye ukingo ule tunatumia waya mnene uliokunjwa ncha, kwa kuwa brashi haifiki. Wavu wa rejeta husafishwa mwisho. Mtungi wa kilo 6 hufungwa kwenye bela, ambako moto haukutangulii, na kila mwezi hupinduliwa na kugongwa tako kwa kiganja mpaka usikie unga ukitembea ndani. Kando yake kuna pampu ya mgongoni ya lita 20, ile ya kunyunyizia dawa, iliyooshwa vizuri na kujazwa maji yenye sabuni kidogo ya maji. Sabuni huyafanya maji yaingie ndani ya nyasi badala ya kuteleza juu yake. Unga huzima mwali, na maji ya sabuni huzima kile kinachofuka chini, dizeli ikishaacha kutiririka.

Sanduku la spana lilitolewa likiwa limefungwa. Spana zote zilikuwemo, zimebadilika rangi, na Baba akazipangusa masizi kwa gunia na kuziweka stoo. Wiki kadhaa baadaye alichukua namba 19 kukaza nati ya gurudumu la mkokoteni. Nati haikusogea. Mdomo wa spana ulifunguka taratibu mkononi mwake, kama udongo, akausimamisha kwenye mwanga akautazama, kisha akairudisha ndani ya sanduku pamoja na nyingine.