Daftari la bei za sokoni

Nilifika Kinshasa, mji mkuu wa Zaire (leo Kongo), mwaka 1988, afisa mdogo ubalozini, na onyo nililopewa lilikuwa moja: usiandike kitu ambacho hutaki kisomwe. Tatizo ni kwamba mimi nisipoandika, usingizi hauji.

Kabla ya taarifa ya habari kwenye televisheni, uso wa Rais Mobutu uliteremka kutoka mawinguni. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikageuka kuangalia kama dirisha limefungwa. Magazeti yalijaa sifa. Habari zenyewe zilikuwa kwenye kile wenyeji walichokiita "radio trottoir", redio ya kando ya barabara, yaani minong'ono, na humo ukweli na uzushi vilikuwa chungu kimoja.

Basi nikanunua daftari la shule, nikaliandika juu "Sokoni". Bei ya mkate na ya muhogo niliziandika kama zilivyo, maana sarafu yao, zaire, ilivyokuwa ikiporomoka, bei hizo zilinieleza hali ya nchi kuliko waziri yeyote. "Samaki" walikuwa watu waliokamatwa. "Chumvi", wanajeshi mitaani. Yote kwa Kiswahili, nikidhani katika jiji la Kilingala niko salama.

Asubuhi moja mlinzi wetu, kijana wa Bukavu, alinisogelea huku akimwagilia maua. "Baba," alisema polepole, "ile kitabu yako usiache ku meza. Kiswahili hata sisi tunasoma." Aliendelea kumwagilia. Mimi miguu ilikufa ganzi. Kiswahili ni lugha ya upande wa mashariki wa nchi ile, na mimi mswahili wa Tanga nilikuwa nimelisahau hilo!

Jioni ile nilianza kuandika kwa herufi za Kiarabu, alizonifundisha bibi, ambaye barua zake zote aliandika hivyo. Mkono ulikuwa mzito. Wiki ya kwanza nilichanganya hata "p" na "b".

Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, akalia machozi hadharani. Wiki chache baadaye wanafunzi walishambuliwa usiku chuoni Lubumbashi. Serikali ilikiri kifo kimoja. Redio ya barabarani ilitaja mamia. Wafanyabiashara wa Katanga waliponijia kuulizia viza, niliongea nao Kiswahili, nikawaacha waseme wenyewe, na niliandika tu kile walichokiona kwa macho yao. Mzee mmoja aliona malori. Idadi sikuiandika, na hadi leo siiandiki.

Jumatatu ya 23 Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa walianza kupora jiji. Walioingia kwangu walibeba friji, magodoro, hata balbu. Mmoja alilifungua daftari, akaona yale maandishi, akalitupa kama limemchoma. "Nkisi!" alisema. Alidhani ni uganga. Akalikanyaga akitoka, nami nikasimama ukutani nikitetemeka, nusu nikitaka kucheka.

Siku chache baadaye nilivuka mto kwa kivuko kwenda Brazzaville, na mfuko mmoja. Daftari ninalo. Ukurasa wa mwisho una alama ya buti, na chini yake bei ya mkate ya Jumapili.