Jiwe la Shimo la Choo

Mvua za El Nino za mwisho wa 1997 zilimbomolea mjomba choo cha nyumba yake ya kupangisha, huko Miritini, bara ya Mombasa. Mwanzoni mwa 1998 akaniita nimsaidie kuchimba shimo jipya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, kwa hiyo kisingizio sikuwa nacho.

Ardhi ya Miritini si ya kisiwani. Kule Mji wa Kale ukichimba unakutana na matumbawe, mawe yaleyale yaliyojengewa Fort Jesus. Miritini ukishapita udongo wa juu unaingia kwenye mwamba wa kijivu unaobanduka vipande vyembamba, kama kitabu kilicholowa kikakauka. Ndani yake mna mabonge magumu ya mviringo. Ukilipiga moja kwa sururu, mkono wote unakufa ganzi hadi begani.

Tulikuwa futi kumi chini bonge moja lilipopasuka. Ndani mlikuwa na kitu kilichojiviringisha kama pembe ya kondoo dume, kina mbavu mbavu, ukubwa wa kisahani cha kikombe.

"Nyoka huyo," mjomba akasema kutoka juu. "Tupa."

"Kichwa kiko wapi, mjomba?"

"Kimeoza. Tupa, tumalize kazi."

Nililifunga ndani ya shati. Jioni nikapanda matatu hadi mjini, nikaingia Mji wa Kale kwa mzee mmoja fundi saa, Mkachchhi, yaani mtu wa asili ya Kachchh, magharibi mwa Uhindi, aliyekuwa akimtengenezea babu yangu saa tangu sijazaliwa. Nilimwendea yeye kwa sababu moja tu: hakuna mtu mwingine niliyemjua mwenye lenzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Saa imekwama tena?"

Nikamwekea jiwe mezani. Akalisugua kwa brashi na mafuta ya taa, matope yakatoka, akabana lenzi jichoni na kunyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kisha akavuta mtoto wa meza wa chini kabisa, akatoa jiwe jingine. Mviringo uleule, mbavu zilezile.

"Hili marehemu baba alikuja nalo kutoka Bhuj, kwetu Kachchh. Alipanda jahazi la kotia pale bandarini Mandvi, msimu wa kaskazi. Alikuwa akilikandamizia karatasi za watu wanaomdai." Akayaweka sambamba juu ya kitambaa chake cheusi. "Lako umelitoa wapi?"

"Shimo la choo."

"La nani?"

Nikamweleza. Alicheka hadi lenzi ikamdondoka. Tukakaa tunayageuza, tunahesabu mbavu, huyu akishika hili na yule lile, mpaka adhana ya magharibi. Nikiwa nainuka ndipo akauliza swali lililonikaa kichwani kwa miaka: "Langu lilikuja kwa kotia, mwanangu. Hili lako je, mwenyewe aliogelea?"

Nilipofika chuo kikuu niliingia maktaba kwa ajili ya swali hilo, si kwa ajili ya kozi. Kumbe yule "nyoka" ni amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi, aliyetoweka miaka milioni 66 iliyopita. Wa Mombasa wameandikwa tangu karne ya 19. Mwaka 1930 mtaalamu L. F. Spath wa London alichapisha utafiti juu yao, katikati ya kazi yake ndefu juu ya wale wa Kachchh. Mtu mmoja, meza moja, magamba ya pwani mbili zilizoachana kwa zaidi ya kilomita 4,000. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona yule mzee na kitambaa chake cheusi.

Lakini swali lake lilikuwa zito kuliko alivyojua. Amonaiti alikuwa muogeleaji, na gamba lake lilikuwa na vyumba vya hewa. Magamba ya nautilus, jamaa yake aliye hai, hadi leo huelea mbali sana na alikofia mwenyewe. Shahidi wa namna hiyo hatoshi peke yake. Anayetakiwa ni kombe wa chini, anayeishi mchangani kwenye maji mafupi. Watoto wake hubebwa na maji kwa muda, ila wakitua kwenye kina kirefu hawaishi. Kwake bahari kuu ni ukuta.

Na kombe huyo yuko Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko kuanzia 1909 hadi 1913, na kati ya matabaka ya mifupa wakakuta matabaka ya bahari. Moja walilipa jina la kombe aliyejaa ndani yake, Trigonia smeei, jina ambalo tayari lilikuwa la kombe wa Kachchh. Baadaye wataalamu waliona kwamba wa Lindi ni binamu tu, wakamwita Indotrigonia africana. Tazama jina hilo: Uhindi mbele, Afrika nyuma, na mwenyewe hakuwahi kuondoka alipozaliwa. Nchi ndizo zilizoondoka. Zamani hizo Madagaska ilikuwa bado jirani ya pwani yetu, Uhindi ubavuni mwake, na mkono mmoja wa bahari ukaingia katikati, maji mafupi kandokando. Uhindi ilikuja kujibandua kutoka Madagaska yapata miaka milioni 88 iliyopita, ikaenda kuigonga Asia.

Jibu nilikuwa nalo, na jiwe nilikuwa nalo rafuni. Siku moja nikaazima lenzi ya maabara nilitazame vizuri. Kwenye kitovu chake, ndani kabisa ambako brashi haikufika, kulikuwa na punje ndogo za mviringo, rangi ya dhahabu, zimebanana kama mtama. Nikakumbuka nilichosoma: Kachchh kuna tabaka maarufu la mawe ya punje kama hizo. Miritini sikuwahi kuona hata moja.

Langu lilibaki kwa fundi saa.