Iliki ya Amani, mikate ya bibi

Mawese yakiingia kwenye nguo hayatoki. Nalijua hilo tangu utoto, lakini nilifundishwa upya mwaka 2017 pale stendi ya Kange, hapa Tanga, nilipofungua begi lililotoka kwetu kupitia Kigoma na Dar es Salaam nikakuta lita tatu zimebaki kikombe kimoja. Dumu lilipasuka njiani. Sketi mbili za shule za binti yangu, ambazo dada yangu alizishona mwenyewe Bukavu akazitia humohumo, zilikuwa zimelowa rangi ya machungwa mpaka kwenye pindo.

Nilikaa chini palepale nikalia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga aliweka sinia lake chini, akaja kunishika bega. Alidhani nimepata msiba. "Pole mwanangu. Nani amefariki?" Nikamwambia hakuna, ni mafuta. Hakucheka. Aliniuliza ni mafuta gani hayo ya kumliza mtu mzima hivi, nikakosa jibu la kumpa. Leo nataka kumjibu, popote alipo.

Sisi ni watu wa Bukavu, Kivu ya Kusini, Kongo. Mume wangu ni mchungaji. Mwaka 2016 kanisa letu lilimtuma Tanga awe mmisionari, tukaja na watoto wawili na mabegi matano. Wa tatu amezaliwa hapa. Watu wakisikia kuna familia ya wamisionari imehamia Mikanjuni huja wakitarajia Wazungu, na wakitukuta sisi huuliza kama wenyewe wametoka. Nawaelewa. Hata kwetu neno hilo lilikuwa na sura moja tu. Wapentekoste wa Sweden waliingia Kivu mwaka 1921, na hospitali ya Lemera, kule milimani juu ya bonde la Ruzizi, ilikuwa kazi yao. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpishi katika nyumba yao mojawapo huko Lemera. Nitamrudia, maana nusu ya habari hii ni yake.

Tulipokuja tuliamini Kiswahili kitatubeba. Kanisani kilitubeba, hospitalini kilitubeba, sokoni kikatutua. Siku ya kwanza pale Mgandini niliomba sombe, muuzaji akaniangalia, akamuuliza mwenzake. Nikaomba lengalenga, ikawa vilevile, na huku mafungu ya mchicha yamepangwa mbele yangu, ndiyo lengalenga yenyewe. Sombe nayo ilikuwepo, tena imeshatwangwa, jina lake kisamvu. Nilinunua mafungu manne kwa furaha nikaenda kuulizia mawese. "Yale ya kutengenezea sabuni?" kijana mmoja akaniuliza, na aliuliza kwa nia njema kabisa.

Kisamvu cha Tanga hupikwa kwa tui la nazi, na wengine hutia karanga au kunde. Ni kitamu, na mtoto wangu wa mwisho ndicho alichokua nacho. Lakini sombe ni kitu kingine. Mama yangu huchuma majani machanga ya juu tu, huyatwanga kwenye kinu pamoja na majani ya kitunguu, pilipili hoho na bilinganya moja, kisha huyachemsha sufuria ikiwa wazi, saa mbili, mara nyingine tatu, ili ile sumu ya majani ya muhogo itoke na mvuke. Mawese huingia baadaye. Hapo ndipo sombe inapogeuka: ule ukijani unaiva mpaka kukaribia weusi, ukingoni mwa sufuria kunatokea mstari mwekundu wa mafuta, na nyumba nzima inashikwa na harufu ambayo sijaipatia neno, si kwa Kiswahili cha Tanga wala cha Bukavu. Mwisho kabisa hutiwa sambaza, samaki wetu wadogo kama dagaa.

Sambaza wenyewe si wazawa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na leo siwezi kuliwaza soko la Bukavu bila wao. Basi nilipoona mafungu ya dagaa wa Kigoma hapa Tanga nilisimama nikawatazama kwa muda. Ule ni ukoo uliobaki nyumbani. Dagaa wa baharini niliwajaribu pia, lakini ladha yao ni ya bahari na sombe haiifahamu.

Bugali ndiyo iliyonitesa zaidi. Kwetu ni ya unga wa muhogo: muhogo unamenywa, unalowekwa siku tatu, unaanikwa, unasagwa. Inavutika, na kwa mbali ina uchachu. Katika maduka ya mtaani kwetu hapa nilikuta sembe na dona. Mume wangu alikula sembe miezi minane bila neno, lakini mke anajua. Nilikuwa nikiona alivyokuwa akiacha tonge la mwisho sahani, yeye ambaye kwao waliwafundisha kwamba tonge la mwisho haliachwi.

Siku moja mchana nilikwenda Ngamiani kulipa kodi. Mama mwenye nyumba wetu ni Mdigo, mtu mzima aliyepita miaka sabini, na nyumbani kwake huwezi kuweka pesa mezani ukaondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, tena umekuja na riziki yako."

Akafunua kawa. Palikuwa na kitu kimefinyangwa duara, rangi kati ya kahawia na kijivu, kinang'aa kwa unyevu, na pembeni changu wa mchuzi wa nazi. Nilinawa. Nikakata tonge, likavutika. Nikalivuta tena kwa makusudi, nikihisi uzi ule ukigoma kukatika kati ya vidole, na kabla sijalitia mdomoni nilikuwa nimeshajua.

"Mama, hiki ni nini?"

"Bada. Wakaa Tanga hujui bada?"

Unga wa makopa, muhogo mkavu. Kwa miezi minane nilikuwa nikizunguka kuulizia bugali ya muhogo na fufu, na watu walikuwa wakinijibu ukweli wao kwamba hawavijui. Chakula chenyewe kilikuwa kikipikwa katika mji huuhuu, nyumba hadi nyumba, kwa jina lake. Nilimweleza. Aliinuka bila kusema kitu, akarudi na unga kwenye mfuko wa rambo, kama kilo mbili. Jioni ile mume wangu alimaliza tonge la mwisho. Akanawa mikono, akakaa kimya kidogo, akaniuliza nimeutoa wapi, na nilipomwambia alitaka tutoke usiku uleule tukamshukuru.

Ule uchachu haukuwepo, kwa sababu makopa aliyonipa hukaushwa bila kulowekwa. Siku hizi naloweka mwenyewe kwenye ndoo. Jua la Tanga ni zawadi: muhogo unakauka siku mbili juu ya bati, wakati Bukavu masika tulikuwa tunauhamisha nje na ndani wiki nzima. Mama mwenye nyumba alipousikia ule muhogo uliolowekwa alisikitika, akadhani umeniharibikia, akataka kunipa mwingine. Nilimpikia. Alikula taratibu akasema, "Umelala, lakini haukufa." Sijasikia mtu akiusema vizuri zaidi ya hapo.

Sasa bibi yangu. Aliingia katika nyumba ile ya Lemera akiwa msichana, kabla ya uhuru wa 1960. Mama wa Kisweden alikuwa na kopo la bati lenye iliki kutoka kwao, na aliihesabu punje kwa punje, maana kifurushi kilichukua miezi kufika. Kila Jumamosi alioka mikate midogo ya kukunja ambayo kwao huitwa bullar. Bibi akaiita bulari, na ukoo wetu wote ukaiita hivyo. Bibi alitusimulia kwamba Jumamosi moja kopo liliisha. Yule mama alioka bila iliki, akaonja mmoja, akauweka chini, akatoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma akitazama bonde. Bibi alimfuata na kikombe cha maji. Hakujua la kumwambia, akasimama tu karibu yake.

Nilipokuwa mdogo niliisikia hadithi hiyo kama ya mtu aliyezoea kudekezwa: ana nyumba, ana mpishi, analilia kiungo. Niliibeba hivyo mpaka siku ile ya Kange. Nimekaa chini, mafuta yananitiririka vidoleni, na yule muuza karanga amesimama pale aliposimama bibi yangu. Nilitamani bibi awe hai nimwambie kwamba alifanya sawasawa, kwamba maji na kusimama karibu vilitosha.

Na iliki, ile ya kuhesabiwa punje kwa punje, hapa imo kwenye chai, kwenye maandazi, kwenye mkate wa kumimina, kwenye kashata. Inalimwa Amani, juu ya Muheza, chini ya kivuli cha miti ya msitu. Mume wangu huenda huko kutembelea waumini, na mara nyingi hurudi na iliki iliyofungwa kwenye gazeti, begi lake la Biblia likinukia mpaka Jumapili inayofuata. Mara ya kwanza aliponiletea niliimwaga yote kwenye ungo nikaitazama. Pengine yule mama wa Lemera hakuwahi kuona nyingi kiasi kile mahali pamoja.

Ninaitwanga kwenye kikinu cha bibi. Ni cha mbao, urefu wake unazidi kidogo kiganja changu, na kina ufa uliozibwa kwa nta. Kilitoka Lemera ndani ya fuko la nguo, Oktoba 1996, hospitali iliposhambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa, na watu wakakimbia kila mtu na alichoshika. Bibi hakutusimulia mengi kuhusu siku hizo. Alikuwa akikishika hicho kikinu, basi.

Napasua maganda, natoa mbegu nyeusi, natwanga lakini siachi zilainike. Bibi alitaka iliki ikutane na jino. Maziwa ya ng'ombe vuguvugu, hamira, siagi, sukari, chumvi kidogo, unga wa ngano. Bukavu donge tulilifunika blanketi tukalisubiri karibu saa mbili. Hapa nikichelewa kurudi kutoka uani nalikuta limeshapanda mpaka ukingoni. Nalisukuma, napaka siagi, nanyunyizia sukari, iliki na mdalasini kidogo, nalikunja kama mkeka, nalikata vipande. Oveni sina. Naoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mwalimu wangu wa makaa ni mama mwenye nyumba, ambaye amepalia moto mikate ya kumimina maisha yake yote. Mafungu mawili ya kwanza niliyaunguza matako. Alikuja akapunguza ya chini kwa koleo mpaka yakabaki vipande vichache, akarundika mengine juu, akakaa kwenye kigoda akisikiliza, maana yeye mkate anausikia, haufunui. Aliponiambia niufunue ulikuwa na rangi ya asali. Alichovya mmoja kwenye chai, akasema ni hamri lililosahau kuingia kwenye mafuta, akaomba mwingine. Sasa kila Jumamosi binti yangu humpelekea sahani, na sahani haijawahi kurudi tupu.

Mama yangu alikuwa aje Pasaka ya 2025. Februari waasi wa M23 waliingia Bukavu, akabaki. Tunaongea mtandao ukikubali. Haanzi na habari za kanisa wala za vita. Anaanza na watoto wamekula nini. Juzi binti yangu mkubwa, yuleyule wa zile sketi, alimwambia amepika sombe peke yake tangu kutwanga.

"Kwa mawese ao kwa nazi?" mama akauliza.

"Vyote viwili, koko. Mawese kijiko kimoja, tui jepesi."

Palikuwa na kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu mama akauliza tui linatiwa kabla ya mawese au baada, na wakaendelea hivyo, mmoja akieleza na mwingine akirudia kila hatua kwa sauti, mpaka salio likaisha.

Mawese siku hizi napata lita mojamoja kwa baba mmoja wa Kigoma anayeuza dagaa. Huyafunga mifuko mitatu baada ya kusikia habari yangu. Bukavu asubuhi yalikuwa yanaganda, tunayasogeza karibu na moto. Hapa hayagandi kabisa, yanajitenga tu ndani ya chupa, mazito chini na mekundu mepesi juu. Chupa moja nimeiweka juu ya kabati, sijaifungua. Ni ya siku mama atakayoteremka Kange.