Kipima gesi cha boila kilichosoma oksijeni 17%

Boila ya kukenekea mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), Pemba. Moto unawaka vizuri, lakini kipima gesi ya moshi kinang'ang'ania oksijeni 17%. Usikimbilie kubadili sensa (kihisi) ya oksijeni. Ni ghali, na mara nyingi haina kosa. Niliziba ncha ya mrija wa kuvutia moshi kwa kidole (uache upoe kwanza!). Pampu ikaendelea kupitisha hewa: kuna tundu njiani, linaloingiza hewa ya nje na kupandisha oksijeni inayosomwa. Mpira wa duara kwenye kikombe cha kunasia maji ulikuwa umekauka na kupasuka. Nilibadili mpira na chujio lililolowa, nikamwaga maji yaliyonaswa nikiwa nimevaa glavu, maana yana asidi, kisha nikasawazisha kipima nje penye hewa safi: 20.9%. Kurudi kwenye moshi, 6%. Milango ya chumba iwe wazi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu.