Daftari la Fahali: Kutoka Kangemi Hadi Malinya

Ijumaa jioni nilikuwa Kangemi, mtaa wa Nairobi, nimekalia kistuli katika chumba cha mabati, nikimsubiri mzee afungue mkebe wake wa biskuti. Kifuniko kilikuwa kimekwama kwa kutu. Kilipoachia, ndani mlikuwa na kitambulisho cha zamani, risiti za michango ya matanga, picha tatu zilizogandana, na daftari la shule ambalo jalada lake lilikuwa limelainika kama kitambaa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hilo usilipoteze, mwanangu. Karibu wote waliomo wameshakufa. Fahali na wenye fahali."

Kila ukurasa una safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, fahali wawili, wenyewe, na aliyekimbia. Safu ya mshindi haimo. Kwa Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega, fahali hupigana na fahali mwenzake, si na mtu, na hakuna pointi za kuhesabiwa. Mmoja akigeuza mgongo akatoka mbio, yamekwisha. Mzee aliandika aliyekimbia. Aliyebaki uwanjani hakuhitaji kuandikwa. Pembeni mwa mistari kadhaa kuna herufi B iliyozungushiwa duara. Nilidhani ni mambo ya bei, sikuuliza.

Mzee alifika Nairobi miaka ya 1960, akapata kazi kwenye karakana za reli. Alidunduliza mshahara mpaka akanunua fahali, akamwita Gari la Moshi. Ndugu yake ndiye aliyemfuga nyumbani, Ikolomani. "Fahali wangu alijulikana mpaka sokoni," aliniambia, "lakini mimi nilikuwa namwona siku za likizo tu." Wikendi zake nyingine aliziishia uwanjani kushangilia Abaluhya, timu ya soka iliyoundwa 1964 na ambayo tangu 1980 inaitwa AFC Leopards. Huko jukwaani, katikati ya Nairobi, alikutana na isukuti, ngoma zile zile zinazomsindikiza fahali kwenda kupigana. Anasema siku ya kwanza kuzisikia mjini machozi yalimtoka, na hakuona haya kuniambia.

Mama yangu ni Mwidakho. Mimi nimezaliwa na kukulia Nairobi, na lugha ya mama naisikia vizuri kuliko ninavyoizungumza. Miaka mingi iliyopita niliwarekodi wazee watano wakisimulia habari za fahali, nikapeleka kanda kwenye ofisi moja mjini iliyoahidi kuzitunza. Niliporudi kuzisikiliza nikaambiwa chumba kilivuja na kanda zikaharibika. Kufikia siku hiyo wawili kati ya wale watano walikuwa wameshazikwa. Nilisimama kwenye ngazi za ofisi ile nikashindwa kushuka. Tangu hapo kila ninachorekodi kinabaki sehemu mbili, na nakala moja huenda kwa aliyenisimulia au kwa watoto wake.

Nimeshinda pia Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue ambalo nusu ya Nairobi hukutania nje yake bila kuingia. Nilifungua taarifa za kikoloni za wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini. Kodi imo, barabara zimo, dhahabu ya Kakamega ya miaka ya 1930 imo kwa kirefu. Katika faili nilizosoma, fahali sikumwona. Ndiyo maana daftari la Kangemi liliponifikia, nilikata tiketi siku hiyo hiyo. Nilitaka nikawasomee majina waliobaki, ukurasa kwa ukurasa, waniambie ni nani alikuwa nani.

Basi lilinichukua saa mbili usiku pale pale barabarani, Waiyaki Way. Baridi ya Limuru, chai Nakuru, mvua Kericho, usingizi. Nilizinduka tukiwa tumeshaipita Kisumu, kondakta akiita vituo kimoja kimoja: Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Nikashuka Khayega kabla hakujapambazuka. Mwenye bodaboda akanisalimia "Mulembe," nikamwitikia, akanifunga begi mbele yake kwenye tangi, tukaingia barabara ya udongo kuelekea kwa mjomba.

Sikupata nafasi ya kulala. Jirani wa mjomba alikuwa na fahali wa kupigana asubuhi hiyo, na kijana wake alikuwa tayari bandani na tochi ya simu. Fahali alikuwa mweusi, na baka jeupe begani. Kijana alimshika pembe kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akawa anaikwangua ncha kwa kipande cha chupa, polepole, kutoka chini kwenda juu. Vipande vyembamba vilijikunja vikaanguka kama maganda ya kitunguu. Kila baada ya mikwaruzo michache alisimama, akaigusa ncha kwa kidole gumba, akamnong'oneza fahali maneno ambayo sikuyanasa. Fahali alipumua kwa nguvu lakini hakuvuta kichwa. Kijana alikuwa amelala naye banda moja wiki nzima.

Shuleni tulikariri kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, nami nikadhani ni maneno ya watu wazima kuhusu wafalme. Kwa wafugaji hawa ndivyo banda linavyojengwa. Fahali wa kupigana hukaa peke yake, hachanganywi na majike, hafungwi plau. Analimbikiziwa hasira. Anayefuga mnyama wa namna hiyo anakubali kupoteza nguvu ya kulima, na kwenye mashamba madogo kama haya hilo si jambo dogo.

Saa kumi na mbili na nusu isukuti ikaanza. Ngoma huja tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa na vyuma vya kugonganisha. Mwimbaji mmoja anatangulia, wengine wanaitikia, na msafara mzima unakimbia mwendo wa mchakamchaka, matawi ya miti mikononi, fahali katikati. Niliukimbilia kwa pembeni nimeinua kinasa sauti. Mwimbaji alikuwa akitaja majina ya watu: baba wa mwenye fahali, babu yake, ukoo wa upande wa mama, halafu fahali waliotangulia katika boma lile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba daftari la mzee lilikuwa limeandika nusu tu. Nusu nyingine iko kwenye wimbo, na wimbo huo unatungwa upya kila asubuhi ya pambano.

Mwaka 2014 UNESCO iliingiza isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wengi wa wanaoijua ni wazee na warithi ni wachache. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini ngoma haiwezi kuokolewa peke yake kama ilivyo kwenye tamasha la mjini, dakika kumi jukwaani na makofi. Kinachoipa maneno ni kwamba kuna boma, kuna fahali, kuna matanga ya kuendea. Mzee wa heshima akifa, huwa kuna shilembe, ng'ombe wanaletwa bomani kwake na fahali wanapiganishwa kumuaga. Ukirekodi mdundo ukaacha jina la marehemu, hujarekodi kitu.

Malinya, kwenye uwanja wa pambano, palikuwa pamejaa tulipofika. Pambano lenyewe niliwahi kuliona utotoni, nikalikumbuka kuwa refu. Halikuwa. Fahali wawili waliinamisha vichwa, wakagongana kwa mlio kama gogo linaloangukia gogo, kisha wakasukumana kimya kabisa huku kwato zikichimba udongo. Watu walikaribia kupita kiasi, kama kawaida yao. Kisha yule mweusi akapata upenyo chini ya shingo, mwenzake akageuka, na duara zima la watu likapasuka kumpisha. Damu ilikuwa inamtiririka masikioni. Wapo wanaosema mchezo huu ni ukatili, nami mwaka hadi mwaka siwezi kuwapuuza. Maneno yao niliyarekodi pia, kutoka kwa mwalimu mmoja aliyesimama mbali na uwanja na hakutaka kusogea. Aliyeshindwa mara nyingi njia yake ni kwa mchinjaji. Mshindi alirudi nyumbani kwa ngoma, na mwenyewe akainuliwa juu mabegani.

Mchana nilikaa chini ya mwembe kwa mjomba, nikafungua daftari. Walikuja wazee wanne, kisha saba. Nilisoma jina, nao wakanyamaza kidogo, halafu wakaanza wote kwa pamoja. Huyu fahali alinunuliwa kwa pesa za dhahabu. Huyu mwenyewe alikuwa polisi Mombasa. Huyu aliuzwa ili mtoto aingie sekondari, na mtoto yule ndiye huyo pale, babu sasa. Nilijaza pembezoni mwa kurasa za daftari langu, la mzee sikuligusa kwa kalamu.

Nikafika kwenye Gari la Moshi, mstari wenye B. Daftari linasema mpinzani alikimbia. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya akainua fimbo yake.

"Hapana. Gari la Moshi ndiye aliyekimbia. Alipita mbele yangu akavunja ua wa shangazi yangu."

Wengine wawili wakaafiki. Nikamrekodi, neno kwa neno, na jina lake, na mahali alipokuwa amesimama siku ile.

Jioni nikaenda kumwona mjane wa ndugu yake mzee wa Kangemi. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Watu humtaja marehemu mumewe kama mfugaji hodari, naye akanirekebisha bila kuinua macho: "Majani nilikata mimi. Maji nilibeba mimi. Fahali alikuwa wa wanaume siku ya Jumamosi." Nikamwambia hilo nalo litaandikwa. Ndipo nikamwuliza kuhusu pambano lile.

Akaweka ungo chini. Mumewe hakujua kuandika, akasema, kwa hiyo barua zote za kwenda Nairobi aliziandika yeye. Nikamwuliza, nyanya, kwani siku ile ilikuwaje? Akanitazama kwa muda.

"Shemeji alikuwa huko mbali, peke yake, anatuma pesa kila mwezi. Wewe ungemwandikia nini?"

Nilirudi na basi la Jumapili usiku sauti ile ikiwa mfukoni, na sikulala. Kufikia Nakuru nilikuwa nimeamua kutomchezea mzee wa Kangemi sauti ile. Kufikia Naivasha nikakumbuka kwamba nilimwahidi nakala ya kila kitu, na kwamba aliyemficha mzee ukweli alifanya hivyo kwa upendo, ilhali mimi ningefanya kwa woga.

Jumatatu alfajiri alikuwa anakunywa chai ya rangi mlangoni. Nikamrudishia daftari kwanza, kisha nikambonyezea kinasa sauti. Alisikiliza wazee chini ya mwembe, akicheka mahali pengine, akitaja majina kabla hayajatajwa. Ilipofika kwenye ua wa shangazi aliacha kucheka. Akaisikia sauti ya shemeji yake mpaka mwisho. Nje matatu zilikuwa zimeanza kupiga honi.

"Ndugu yangu aliwahi kuniomba pesa za kulipa ua," akasema. "Hakuniambia uliovunjwa na nani."

Akafungua daftari, akaupata mstari bila kutafuta, akaweka kidole kwenye ile herufi iliyozungushiwa duara.

"Hii B ni barua. Sikuwepo. Nilijua siku zote kwamba haya ya barua si sawa na yale niliyoyaona kwa macho, ndiyo nikayatia alama."

Akaniomba kalamu. Hakukata mstari wa zamani. Chini yake, kwa herufi ndogo zinazotetemeka, aliandika jina la mzee mwenye fimbo, akaandika ua wa shangazi yake, akaandika jina la shemeji. Kisha akaniuliza wale wa Jumamosi waliitwa nani, na ni yupi aliyekimbia.